Jinsi ya Kuonja Bia ya Ngano ya Kibelgiji Yenye Maua: Mwongozo Kamili kwa Walioko Dodoma

Malalamiko ninayoletewa ni yale yale. Mtu kaletewa chupa ya bia ya ngano ya Kibelgiji, lebo inasema imepikwa na maua, bei yake si ya mchezo. Kaifungua, kainywa, kaimaliza. Kisha ananiuliza: hayo maua yenyewe yako wapi?

Nikimuuliza aliinywaje, majibu nayo yanafanana. Ilikuwa ya baridi kali, imetoka friza sasa hivi. Aliinywa kwa mdomo wa chupa. Mezani kulikuwa na nyama choma na pilipili. Na karibu wote hawakumbuki lebo ilitaja ua gani.

Kazi inaharibikia hapo. Ua hunaswa na pua kabla ya ulimi, na pua haitambui kitu ambacho haijatambulishwa nacho. Kwa hiyo kazi kubwa utaifanya kabla hujafungua chupa. Tenga saa moja na nusu siku ya kuonja, na siku moja kabla kwa ajili ya kuipumzisha bia.

## Kwanza ujue unatafuta nini

Wabelgiji huiita witbier, maana yake bia nyeupe. Hupikwa kwa kimea cha shayiri na ngano ambayo haijaoteshwa, na ngano hiyo inaweza kufika nusu ya nafaka yote. Wengine huongeza shayiri-oti kidogo. Kileo chake kwa kawaida ni asilimia 4.5 hadi 5.5. Hopsi, mmea unaoipa bia uchungu, ni chache, kwa hiyo uchungu ni mdogo. Viungo vyake vya asili ni mbegu za giligilani na ganda la chungwa chungu, lile ambalo watu wa pwani hulijua kama danzi. Hamira yake hutoa harufu ya karafuu, ingawa karafuu yenyewe haikutiwa.

Juu ya hayo yote ndipo mpikaji anaongeza ua. Na hapa kuna jambo ambalo likikupita utatafuta hadi usiku bila kupata kitu: maua ya kwenye bia yako ya namna mbili.

Yapo yanayoleta harufu: kamomili, waridi, lavenda, yasmini. Haya hayabadilishi sana rangi wala ladha ya ulimini.

Yapo yanayoleta rangi na ugwadu, na mfalme wao ni choya, ile rozela tunayochemshia juisi. Mfano unaojulikana ni Rosée d'hibiscus ya kiwanda cha Dieu du Ciel! cha Montréal, Kanada, ambayo ni bia ya ngano iliyotiwa choya na ina rangi ya waridi. Kinachotumika kwenye choya si petali. Ni zile nyama nyekundu zinazobaki zikifunika mbegu baada ya ua kudondoka. Ndiyo maana choya hainukii marashi. Ukiingia kwenye bia ya choya ukitafuta harufu ya bustani, utatoka umenuna. Humo tafuta uchachu, ukakasi kidogo, na harufu iliyo karibu na tunda kuliko ua.

Basi soma lebo kabla ya yote, uandike jina la ua kwenye karatasi. Ukiona neno hibiscus, hiyo ni choya.

## Vitu vya kuandaa

- Chupa 1 ya bia ya ngano yenye maua, mililita 330. Inatosha watu 3.
- Chupa 1 ya bia ya ngano ya Kibelgiji isiyo na maua, kama Hoegaarden, ya kulinganishia. Ukiikosa, endelea tu, ila hatua ya 8 utaiacha.
- Glasi za mvinyo, 1 kwa kila mtu. Dodoma ni mji wa zabibu, glasi hizi hazikosekani. Bilauri pana ya maji haifai, kwa sababu harufu inapotea juu kabla haijakufikia.
- Vikombe vya chai 3 vinavyofanana, visivyoonyesha kilichomo ndani.
- Vikombe vidogo au visosi 5.
- Choya kavu, gramu 2 au 3, sawa na fumba dogo la vidole. Pale soko la Majengo ulizia kwa wauza viungo.
- Mbegu za giligilani, kijiko 1 cha chai.
- Karafuu 2.
- Chungwa 1. Danzi ukilipata ni bora zaidi.
- Ua lililotajwa kwenye lebo, kama si choya. Kamomili hupatikana kama majani ya chai ya vifuko.
- Ndizi mbivu 1.
- Maji ya kunywa yasiyo na harufu, na mkate mweupe usiopakwa kitu.
- Karatasi na kalamu.
- Kipimajoto cha jikoni, kama unacho.

Hii ni kazi ya waliotimiza miaka 18. Mjamzito asionje, na anayetumia dawa amuulize kwanza mfamasia wake. Kama utaendesha gari au bodaboda jioni hiyo, ahirisha. Kuonja ni kunywa mafunda machache tu, lakini ni pombe ile ile.

## Hatua ya 1: Kagua chupa kabla ya kulipa

Harufu ya ua ni miongoni mwa vitu vya kwanza kufifia bia inapozeeka. Tafuta tarehe ya kutengenezwa au ya mwisho wa matumizi, na uchague chupa changa kuliko zote. Angalia pia mtindo wa tarehe: bidhaa za Marekani huandika mwezi kabla ya siku, kwa hiyo 03/11 inaweza kuwa Machi 11.

Kisha angalia chupa ilikuwa wapi. Jua likiipiga bia, mwanga wake unavunja kemikali za hopsi na kuzaa harufu mbaya kama ya kicheche. Chupa ya kahawia inakinga vizuri, ya kijani kidogo, nyeupe haikingi chochote. Mimi mwenyewe niliwahi kununua chupa mbili dukani zikiwa zimepangwa dirishani kwa urembo, nikaalika watu, na nilipofungua ya kwanza kila mtu alirudisha kichwa nyuma. Fedha ilikwenda, na wageni wangu wawili waliamini kwa miezi kadhaa kwamba bia ya ngano ndivyo inavyonuka. Ya dirishani iache hapo hapo, hata ikipunguzwa bei.

Kama chupa inatoka Dar es Salaam kwa basi, mwambie anayekuletea aifunge kwenye nguo na akae nayo ndani. Kwenye buti la basi mchana wa Oktoba bia inaiva upya.

## Hatua ya 2: Ipumzishe, uipoze taratibu

Simamisha chupa kwenye friji kwa saa 24. Usiilaze. Bia hii haichujwi, ina mashapo ya hamira, na safari imeyakoroga yote. Yanahitaji muda wa kushuka. Chupa iliyotikiswa na safari tena ina joto hufumuka povu ukifungua tu, na robo yake inaishia mezani.

Usitumie friza. Kwanza utasahau ipasuke, pili baridi ile inaua harufu. Vitu vinavyonukia hutoka kwenye kimiminika na kupaa hewani, na kadiri bia inavyokuwa ya baridi ndivyo vinavyobaki vimefungwa ndani. Wengi waliokosa ua, wamelikosea hapa.

## Hatua ya 3: Osha glasi kama mtu mwenye shaka nayo

Mafuta kidogo tu au sabuni iliyobaki huua povu, na povu ndilo linalobeba harufu. Osha kwa sabuni kidogo isiyo na manukato, suuza mara 3, kisha suuza ya mwisho kwa maji ya kunywa. Nasisitiza hiyo ya mwisho kwa sababu maji ya visima vingi vya huku kwetu yana chumvi, na yakikauka yanaacha utando mweupe. Pindua glasi zikauke zenyewe. Usizifute kwa kitambaa cha jikoni, kitakuachia harufu ya vitunguu.

Jaribu hivi: jaza maji, mwaga, kisha tazama ukuta wa ndani. Maji yakiteleza kama pazia moja, glasi ni safi. Yakikatika na kubaki matone matone, rudia.

## Hatua ya 4: Tengeneza vikombe vya kumbukumbu

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo iliyobeba kazi yote. Ifanye nusu saa kabla ya kumimina.

1. Kikombe cha kwanza: ponda giligilani kidogo tu, zipasuke. Zisiwe unga.
2. Cha pili: menya chungwa kwa kisu, chukua ganda la nje pekee bila ile nyama nyeupe, ulikunje mara moja ili mafuta yaruke.
3. Cha tatu: karafuu 2 zilizovunjwa.
4. Cha nne: choya kavu kwenye mililita 100 za maji ya moto kwa dakika 10, chuja, acha ipoe. Usitie sukari.
5. Cha tano: ua la kwenye lebo yako, kama si choya. Kamomili au waridi liloweke kwenye maji ya moto kidogo, lipoe.

Sasa nusa kimoja kimoja, kwa pumzi fupi 2 au 3, na kila mara sema kwa sauti kinakukumbusha nini. Usikwepe kusema kwa sauti. Harufu isiyopewa jina haikai kichwani. Andika neno lako mwenyewe: "sabuni ya hotelini", "chai ya mgonjwa", "pilau ya Idi". Maneno ya lebo hayatakusaidia.

Kaa muda mrefu zaidi kwenye giligilani. Mafuta ya mbegu hizi yana kwa wingi kemikali iitwayo linaloli, na kemikali hiyo hiyo imo kwenye lavenda na kwenye hopsi. Maana yake ni kwamba giligilani peke yake inanukia ua. Wapo wanaoniambia "nimepata ua", kumbe wamepata giligilani, ambayo imo kwenye witbier nyingi hata zisizo na ua hata moja.

Hapa jirani yangu wa Nkuhungu alinifundisha. Ni mama wa makamo, hanywi pombe kabisa, lakini pilau yake inajulikana mtaa mzima. Siku moja alinikuta uani nimepanga glasi, akauliza ni dawa gani. Nikamwambia anuse tu. Akanusa mara moja.

"Mwanangu, hii si giligilani?"

"Ndiyo, mama. Wanasema kuna na ua humo."

Akanusa tena, akafumba macho. "Lipo. Lakini liko nyuma ya giligilani, limejificha. Kama ile chai ya maua wanayowapa watoto wenye tumbo."

Lebo ilisema kamomili. Hakuwa amefundishwa na mtu, ila alikuwa amenusa giligilani mbichi na kavu kwa miaka thelathini, kwa hiyo aliweza kuiweka pembeni na kuona kilichobaki. Vikombe hivi vitano vinakupa, kwa nusu saa, kipande kidogo cha alichonacho yeye.

Umefanikiwa kama mtu akikufumba macho na kukupa vikombe ovyo, unataja vyote bila kusita. Ukikosa hata kimoja, rudia kabla hujafungua chupa.

## Hatua ya 5: Bana pua, ule ndizi

Bana pua zako kwa vidole, tia kipande cha ndizi mbivu mdomoni, tafuna. Utapata utamu na ulaini, basi. Ungeweza kuambiwa ni boga ukakubali. Sasa achia pua huku unatafuna. Ndizi inakuja ghafla, yote.

Kilichokuja ni harufu iliyopanda kutoka kooni kwenda puani kwa njia ya nyuma. Ulimi unajua utamu, uchachu, chumvi, uchungu na ule utamu wa mchuzi wa nyama, na unavijua sehemu zake zote. Ile ramani ya ulimi tuliyochorewa shuleni, ncha kwa sukari na nyuma kwa uchungu, si ya kweli. Mengi ya yaliyobaki tunayoyaita ladha ni pua inayofanya kazi kwa mlango wa uani. Utautumia mlango huo kwenye hatua ya 7.

## Hatua ya 6: Chagua saa na mahali, kisha mimina

Saa kumi na moja jioni panafaa, joto limeanza kushuka na hujala chakula cha jioni. Usiwe umevuta sigara wala kunywa kahawa kwa saa moja kabla. Usijipulizie manukato. Dawa ya mbu ya kujipaka nayo iache hadi umalize, kwa sababu inafunika kila kitu. Kaa mbali na jiko na udi.

Dodoma ina lake pia: vumbi na hewa kavu. Miezi ya upepo, Juni hadi Septemba, pua inakuwa imekauka kama ngozi ya ngoma, na pua kavu hainusi vizuri. Osha uso, penga, vuta pumzi juu ya maji ya vuguvugu kwa dakika moja, kunywa maji glasi nzima. Kisha onjea ndani, si barazani.

Toa chupa kwenye friji, iache mezani dakika 10 hadi 15. Unataka nyuzijoto 7 hadi 10. Kama huna kipimajoto, shika shingo ya chupa: iwe ya baridi, lakini isikuchome vidole.

Inamisha glasi, mimina taratibu pembeni, na mwishoni isimamishe ili povu lipande vidole viwili. Kila mtu apate kama mililita 80, theluthi moja ya glasi au chini. Glasi ikijaa, harufu haina pa kukusanyikia. Bakisha kiasi chenye mashapo chini ya chupa, utakihitaji.

Tazama kwa dakika moja tu. Bia iwe na ukungu, rangi ya majani makavu iliyofifia, au ya waridi kama kuna choya, na povu jeupe zito. Ukungu huo ni protini za ngano na hamira. Bia haijaharibika.

Kama ni nyekundu na una wasiwasi kwamba ni rangi ya kutiwa, chukua kijiko kimoja cha bia, kitie kwenye kisosi cheupe, nyunyiza chembe za baking soda. Itachemka kidogo. Rangi ikigeuka kuelekea bluu ya kijivu au kijani, imetoka kwenye mmea, kwa sababu rangi ya choya hubadilika ikikutana na magadi. Jaribu na kwenye kile kikombe chako cha choya uone mabadiliko yenyewe. Matunda mekundu mengi nayo hufanya hivyo, kwa hiyo jaribio halithibitishi kwamba ni choya. Linakuonyesha tu kama rangi ina asili ya mmea. Kisosi hicho mwaga.

## Hatua ya 7: Nusa mara tatu, kisha onja mafunda matatu

Mnuso wa kwanza ni wa mbali, glasi ikiwa kwenye kidevu. Usitafute chochote. Andika neno la kwanza linalokuja, hata kama ni la ajabu. Pua ina ukweli mwingi katika sekunde zile za mwanzo, baada ya hapo inazoea.

Mnuso wa pili: zungusha glasi taratibu mara 3, ingiza pua ndani, vuta pumzi fupi fupi. Sasa taja unavyovijua: giligilani, chungwa, karafuu, mkate. Viweke pembeni kimoja kimoja, kama yule mama.

Pumzika dakika moja. Nusa mkono wa shati lako au ngozi ya kiwiko, ndiyo harufu ambayo pua yako imeizoea kuliko zote, inairudisha mahali pake.

Mnuso wa tatu: nusa kikombe cha ua, halafu bia papo hapo. Kikombe, bia. Kikombe, bia. Ua likiwemo, kuna sekunde moja ambapo vyote viwili vitagusana, utasikia kitu kinajibu. Hiyo sekunde ndiyo uliyoitafuta. Isipokuja, acha glasi ipate joto dakika 5, urudie. Kwa joto la kwetu haihitaji zaidi ya hapo.

Sasa onja. Funda la kwanza ni la kuosha mdomo, halihesabiwi. Bia hii ina gesi nyingi na inauma ulimi mwanzoni.

Funda la pili lishike mdomoni kwa sekunde 5, lizungushe lifike kila mahali, umeze. Andika mambo manne tu: utamu, uchachu, uchungu, uzito. Ngano huleta ulaini unaokaribia uji mwepesi. Kama kuna choya, uchachu utakuja upande wa shavu, kama wa ubuyu, na baadaye ukakasi utakausha fizi. Uchachu na ukakasi si kitu kimoja: uchachu unaleta mate, ukakasi unayaondoa. Mtu aliyekulia kwenye ubuyu na ukwaju ana faida kubwa hapa.

Funda la tatu meza, funga mdomo, kisha toa pumzi taratibu kwa pua. Ule mlango wa uani. Kamomili, waridi na lavenda mara nyingi hujitokeza hapa, baada ya kumeza, wakati watu wengi wameshanyanyua glasi tena.

Mwishoni zungusha chupa taratibu, mimina yale mashapo, onja tena. Bia itakuwa nzito zaidi, yenye mkate mwingi, na ua litarudi nyuma. Wabelgiji wengi wanaipenda hivyo, na mimi pia, lakini kwa kujifunza anza na ile ya juu.

Umefanikiwa ukiweza kusema sentensi moja ya namna hii bila kusoma lebo: "Kuna chungwa na giligilani mbele, ua linakuja baada ya kumeza, na ni kavu mwishoni."

## Hatua ya 8: Jipime kwa vikombe vitatu

Lebo ikisema waridi, watu wengi watasikia waridi hata kama halimo. Akili hufuata maandishi. Kwa hiyo jipime.

Mwambie mwenzako, wewe ukiwa chumba kingine, amimine bia yenye ua kwenye kikombe kimoja na isiyo na ua kwenye viwili, au kinyume chake, mililita 30 kila kimoja. Zote ziwe na joto sawa. Fumba macho ili rangi isikuambie, kisha nusa na uonje, useme kipi ni cha tofauti.

Ukipatia mara moja, usishangilie bado, kwa kubahatisha tu una nafasi 1 kati ya 3. Ukipatia mara 3 mfululizo, bahati ni 1 kati ya 27, na hapo unajua umelipata. Ukikosa ya kwanza, rudi kwenye vikombe vya kumbukumbu, pumzika dakika 10, jaribu tena. Baada ya majaribio matatu simama, pua imechoka na kileo kimeanza kusema.

Fahamu kwamba bia mbili za viwanda tofauti hutofautiana kwa mengi mbali na ua. Ukitaka jaribio safi zaidi, tumia ile isiyo na ua peke yake kwenye vikombe vyote vitatu, na kwenye kimoja mwenzako atie nusu kijiko cha chai cha ile choya uliyochuja. Ukipatia, punguza hadi robo kijiko. Hapo utajua pua na ulimi wako vinaishia wapi.

## Ukikuta kitu kisichopendeza

Lugha yetu ina bahati ya kutenganisha *kunukia* na *kunuka*. Kwenye karatasi yako weka safu mbili.

Ikinuka boksi lililolowa, imezeeka na hewa imeingia. Ikinuka kicheche, ilikaa juani. Siagi nyingi au mahindi ya kuchemsha ni makosa ya upikaji. Siki kali ni bakteria. Usiichanganye na uchachu wa choya, kwa sababu siki inachoma pua kabla hujaonja na choya haichomi. Ikinuka sabuni au marashi ya kupindukia, mpikaji alitia ua au giligilani kuliko kiasi. Nyama ya kuvuta moshi, kama soseji, au figili za mchuzi, huenda ni aina ya giligilani iliyotumika.

Hakuna kati ya hivyo utakachokirekebisha nyumbani. Limao pembeni ya glasi litafunika kosa na kufunika ua vile vile, kwa hiyo wakati wa kuonja usilitie.

## Chakula, ukishamaliza kuonja

Nyama choma ya mkaa iache kwa siku nyingine, moshi wake unafuta kila kitu ulichokitafuta. Pilipili nayo, kwa sababu gesi ya bia inaichochea mdomoni.

Chukua perege wa Mtera, mkaange kwa mafuta kidogo na chumvi, kachumbari ya nyanya na vitunguu vilivyooshwa, ndimu kidogo. Kula kipande, kunywa funda, toa pumzi kwa pua. Bia ya kamomili itakuwa tamu zaidi kuliko ilivyokuwa peke yake. Ya choya itafanya kazi ya ndimu, kwa hiyo kwenye kachumbari ndimu usiitie kabisa.

Kile kikombe cha choya kilichobaki tia sukari na tangawizi, kiweke kwenye friji kwa asiyekunywa pombe.